Busia hadi Mbarara: bia ya kwetu ni ipi?

Jumatatu, Busia

Mji wetu, Busia ya upande wa Uganda, hauna kiwanda cha bia, na labda ndiyo maana tunazichambua bia za wenzetu bila huruma. Kaa jioni moja katika baa za Sofia, hatua chache kutoka mpakani, utaona Nile Special ya Njeru na Bell ya Luzira zimekaa meza moja na Tusker, na kila moja ina wakili wake. Anayekunywa Nile atakwambia Bell ni maji ya kunawia. Wa Bell atajibu kwamba Nile humwamsha mtu na kichwa kisicho chake. Waulize bia ya Busia ni ipi, watabaki kutazamana.

Swali hilo ndilo lililonipandisha kwenye lori la kreti tupu, shule zikiwa zimefungwa. Dereva ni mzaliwa wa Mombasa aliyeoa huku kwetu, mtu wa swala tano, na masharti yake kwa tajiri wake ni mamoja: yeye hubeba chupa zikiwa tupu tu, zikijaa anamwachia mwenzake. "Chupa tupu haina dhambi, mwalimu," aliniambia huku akifunga turubai. Tutapita Tororo na Mbale, tukusanye kreti Soroti, kisha tuteremke hadi Njeru.

Kabla ya kuondoka nilivuka kwa miguu upande wa Kenya kumsalimu mzee mmoja aliyekuwa na kilabu cha kegi. Kule bia ya bei nafuu ni Senator ya kwenye pipa, iliyoanza 2004 kwa msamaha wa ushuru ili watu waache chang'aa. Bia ile ilihitaji mtama, na wakulima wakaitikia. Mwaka 2013 serikali ikarudisha ushuru, asilimia 50, na mapipa yakakauka; 2015 ikalegeza tena. "Mimi nilifunga mlango kwa ajili ya karatasi moja ya Nairobi," mzee alisema. "Ukitaka kujua pombe itauzwa vipi, usiulize mnywaji. Muulize waziri wa fedha." Nililiandika hilo kwenye daftari, na kote nilikopita nilizidi kuona kwamba mzee hakukosea.

Jumanne, Tororo, Mbale, Soroti

Tororo tulisimama kunywa chai tu. Mbale tulikaa zaidi kwa sababu ya tairi.

Fundi aliyeziba tairi ni Mgisu, na nilipomtajia safari yangu alicheka. Bia ya kwao, alisema, haina kreti. Ni kamalwa, ya ulezi, na mwaka wa imbalu, yaani tohara ya Wagisu, kijana anayesubiri kisu hupakwa ulezi uliochachuka mwilini kabla ya siku yake. Imbalu hufanyika miaka ya shufwa, na uzinduzi wake ni pale Mutoto, nje kidogo ya mji. Kampuni za bia huleta mahema na spika zao katika sherehe kama hizo, na watu hununua chupa bila kinyongo. "Lakini hakuna mzee atakayekubali kijana apakwe Eagle," fundi alisema, akimaanisha bia ya mtama ya kiwandani.

Soroti tulifika giza limeingia, ule mwamba mkubwa wa mjini hauonekani tena.

Jumatano, njia ya Serere

Siku hii dereva alikuwa na kazi ya kuhesabu kreti, nami nikakodi bodaboda kwenda mashambani upande wa Serere.

Ukizungumzia bia ya Uganda bila kufika huku, umezungumzia chupa na kizibo tu. Kituo cha utafiti cha Serere ndicho kilichotoa mbegu ya mtama iitwayo Epuripur, katikati ya miaka ya 1990. Ni mtama mweupe, laini, usio na uchungu. Mwaka 2002 Nile Breweries wakaitumia kutengeneza Eagle Lager, na serikali ikakubali kuitoza bia hiyo ushuru mdogo kwa kuwa nafaka yake ni ya mkulima wa nyumbani. Eagle ikawa bia ya mtu ambaye Nile Special ilikuwa imemkimbia bei. Teso, Lango na Acholi, nchi zilizokuwa zimepoteza ng'ombe kwa vita na wizi wa mifugo, zikapata zao la fedha ambalo halikuwa pamba.

Hiyo ndiyo habari inayosimuliwa Kampala. Shambani ina mkia.

Mama mwenye shamba, mjane mwenye watoto wakubwa, alinionyesha ekari mbili za Epuripur na kipande kidogo cha mtama mwekundu kando ya nyumba. Mtama mwekundu ulikuwa umetulia. Kwenye ule mweupe kulikuwa na watoto wanne na makombeo, wakipiga kelele tangu alfajiri. Ndege, hasa kwelea kwelea, hawapendi mtama mwekundu kwa sababu ganda lake lina ukakasi. Mweupe hauna, na ndiyo sababu kiwanda kinautaka. Kinachoipendeza bia kinampendeza ndege pia. Mtu anayelima kwa ajili ya kiwanda basi anamlimia na kwelea, na asipokuwa na watoto wa kulinda shamba, au watoto wakiwa darasani, anavuna mabua.

Nikamuuliza kuhusu malipo. Alivuta pumzi. Msimu mmoja mnunuzi wa kati alichukua magunia na kuleta pesa baada ya miezi. Msimu mwingine bei iliyotajwa wakati wa kupanda haikuwa ile ya wakati wa kuvuna. Hakumtaja kwa jina, nami sikumchimba. Lakini hajaacha kulima. "Mtama huu ndio uliowalipia ada hawa," alisema akiwaonyesha watoto kwa kidevu. Na Eagle yenyewe, anainywa? Alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwalimu, mimi nauza mtama mweupe. Wa kunywa ni wangu mwekundu, na ulezi."

Saa tisa alinipeleka kwa jirani, penye mtungi wa ajono, pombe ya ulezi ya Wateso.

Nimewahi kunywa malwa, kama pombe hiyo inavyoitwa mjini, kwa hiyo nilidhani najua. Ajono ya kijijini ni kitu kingine. Unga wa ulezi huloweshwa na kuachwa uchachuke karibu juma zima, kisha hukaangwa kwenye bati pana mpaka ugeuke kahawia na kunukia, halafu huanikwa. Ukishakauka, unaweza kukaa na kusubiri mgeni. Siku ya kupika huchanganywa na maji na kimea cha ulezi, na baada ya siku tatu nne kinachopatikana ni uji mzito wenye povu. Mtungi huwekwa katikati, maji ya moto humiminwa juu, na kila mtu huingiza mrija wake mrefu wenye kichujio kidogo kwenye ncha. Maji yakipungua, huongezwa. Ladha ya kwanza ni kali na chachu; ya tatu ni tamu; ya tano ni ya heshima tu, mtu asiondoke mapema.

Na heshima ina sheria. Usipulize mrija. Usichungulie ndani ya mtungi. Usishike mrija kwa mkono wa kushoto. Mkwe na mama mkwe hawakai mtungi mmoja. Mzee wa mahali, polisi mstaafu ambaye Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha wanafunzi wangu, alinieleza haya yote bila kuutoa mrija mdomoni. Nilipomuuliza bia ya kwao ni ipi kati ya zile za viwandani, alisema Eagle, kwa sababu "imetoka kwenye udongo huu." Kisha akaongeza kwamba huinunua siku za mazishi na harusi, wageni wakiwa wengi na ajono haitoshi.

Hapo ndipo nilipoelewa ugumu wa pombe hii. Ikishaongezwa maji haina siku nyingi. Haiwezi kwenda Kampala ikiwa imeiva, haiwezi kukaa rafuni ikisubiri bei nzuri, na mpishi wake, ambaye karibu kila mara ni mwanamke, hawezi kukopea benki kwa dhamana ya mtungi unaochacha. Anauza kwa majirani leo na kesho, basi. Corona ilipofunga baa zote Machi 2020, na zikakaa zimefungwa hadi Januari 2022, kiwanda kikubwa kiliumia lakini chupa zake zilipita madukani. Mtungi wa mirija kumi haukuwa na dirisha la kupitia. Ndio uliokuwa wa kwanza kunyooshewa kidole. Mama mpishi alinisimulia kwamba mwaka ule alirudi kuuza ulezi mbichi kwa kopo.

Alhamisi, Njeru na Jinja

Tulishuka kwa barabara ya Tirinyi, mabonde ya mpunga pande zote, dereva akisikiliza kaswida na mimi nikisinzia. Saa sita tulikuwa Njeru, tumekaa kwenye foleni ya malori nje ya kiwanda. Harufu ya kimea kilichochemshwa hukufikia kabla ya ukuta.

Nile Breweries ilianzishwa 1951, miaka michache kabla ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa 1954. Jinja ya siku hizo ilikuwa ikijengwa kuwa mji wa viwanda: nguo, sukari ya jirani, shaba ya Kilembe iliyoletwa kwa reli kuyeyushwa hapa. Kiwanda cha bia kilikuwa mikononi mwa akina Madhvani hadi Amin alipowafukuza Wahindi 1972. Kikafuata kipindi ambacho wazee wanakieleza kwa neno moja, karatasi: hukupata bia bila kibali kilichoandikwa jina la mkubwa fulani. Baadaye kiwanda kilirudishwa kwa wenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaingia South African Breweries, na 2016 kampuni hiyo ilipomezwa na AB InBev ya Ubelgiji, Nile ikamezwa nayo.

Nikaagana na dereva, aliyeniombea dua fupi ya safari na ya kuacha pombe, nikavuka daraja kuingia Jinja.

Hapa kuna ugomvi mtamu ambao watu wa mbali hawaujui. Jinja wanasema Nile ni bia yao. Basoga wataapa. Lakini Njeru iko ng'ambo ya mto, wilaya ya Buikwe, upande wa Buganda. Katika baa moja ya Main Street nilitamka hilo kwa sauti ya kawaida na nikapata wasikilizaji wengi ghafla. Mmoja, fundi umeme, alisema mto ni wa Busoga na maji ya bia yanatoka mtoni, kwa hiyo kesi imekwisha. Muganda aliyekuwa kaunta akajibu kwamba kodi ya majengo inalipwa Njeru. Mzee aliyekuwa pembeni, aliyewahi kufanya kazi kwenye mstari wa kuosha chupa, alisema wote wawili ni wajinga, mwenye bia yuko Ulaya.

Mzee huyo huyo alishikilia kwamba Nile Special ya zamani ilikuwa na nguvu zaidi. Chupani pameandikwa 5.6%, nayo si bia ya kuchezea, lakini hakushawishika. Sijawahi kufika mji wenye kiwanda nisikutane na mzee anayesema bia ya ujana wake ilikuwa kali. Nadhani kilichokuwa kikali ni ujana.

Alichosema baadaye kilinigusa zaidi. Kiyeyusho cha shaba kilikufa. Viwanda vya nguo vilidhoofika, vingine vikafunga. "Watoto wetu wanapeleka watalii kwenye mashua. Kilichobaki kinachopiga king'ora cha zamu ni bia na sukari." Kwa mtu kama huyo kuipenda Nile si suala la ulimi. Ni kuusemea mji ambao viwanda vyake viliondoka kimoja kimoja.

Niongeze na hesabu ya ushuru, maana hii ndiyo inayoamua kinachopikwa. Bia ya kimea cha kawaida hutozwa asilimia 60 ya thamani yake. Bia ambayo angalau asilimia 75 ya malighafi yake, maji yakitolewa, ni ya hapa nchini, hutozwa asilimia 30. Nusu. Kwa tofauti hiyo kiwanda kitajifunza kupenda mtama, muhogo, chochote. Wakulima wa shayiri wa Kapchorwa kwenye mlima Elgon wanalijua hilo vizuri kama wale wa Teso. Watu husema kampuni zimerudi kwenye asili, na matangazo yao yanajaa ngoma na kofia za wazee. Mimi naona zilirudi kwa sababu ya kikokotoo, na sioni ubaya, mradi kile kikokotoo kisigeuzwe kila bajeti ya Juni. Mama wa Serere hupanda kabla ya hotuba ya bajeti kusomwa.

Ijumaa, Luzira

Taksi ya Kampala ilisimama Namawojjolo, na haiwezekani kupita pale bila kununua kuku wa kuchoma na gonja, ndizi za kuchoma, dirishani. Nilinunua.

Luzira watu hutajiwa kwa sababu ya gereza, lakini Uganda Breweries ipo pale tangu 1946, kando ya gati la Port Bell, na bia ya Bell imechukua jina la bandari hiyo, ambayo nayo ilipewa jina la Hesketh Bell, gavana wa kikoloni. Mwaka 2020 ziwa lilipofura, maji yaliingia hadi gatini. Kiwanda ni cha kundi la East African Breweries la Nairobi, ambalo kwa miaka mingi lilishikwa na Diageo ya London.

Nilitarajia kukuta mapenzi kama ya Jinja, sikuyakuta. Kijana muuza samaki aliniambia Bell ni ya Kampala nzima, na kitu cha kila mtu si cha mtu. Wengine walinitajia Ngule, bia ya muhogo iliyozinduliwa kwa kushirikiana na ufalme wa Buganda. Muuza duka mmoja alisema wanunuzi wake wa Ngule hununua kwa ajili ya Kabaka kwanza, kiu baadaye. Hiyo ni njia moja ya kuifanya bia iwe ya nyumbani: uipe mfalme.

Usiku nilikwenda kwenye kundi la malwa, nyuma ya gereji moja. Kundi lina mwenyekiti, mweka hazina, daftari na faini. Kuchelewa ni faini. Kupigana ni faini mara mbili. Wengi ni Wateso na watu wa kaskazini, na lugha ya mtungi ilikuwa mchanganyiko, Kiswahili kikitangulia kila mzaha ulipokuwa mkali. Ulezi unatoka Soroti kwa basi, umeshakaangwa na kukaushwa. Kumbe pombe isiyoweza kusafiri ina nusu yake inayosafiri.

Jumamosi, njia ya Mbarara

Basi limejaa. Kayabwe abiria wa kizungu walishuka kupiga picha mstari wa ikweta, sisi tukanunua mahindi.

Mbarara ina kiwanda cha Nile tangu 2013, na hapa niliona jinsi majivuno yanavyopandwa. Kijana wa kaunta alinihakikishia kwamba Nile ya Mbarara ni laini kuliko ya Njeru. Rafiki yake akakubali. Nilipouliza wanazitofautishaje wakasema kwa kuonja, na kwamba maji ya mto Rwizi si maji ya Nile. Sikuwa na chupa ya Njeru ya kuwajaribu. Nina shaka kubwa, lakini muda mchache tu uliopita kihistoria watu hawa walikuwa wanakunywa bia ya mji mwingine, na sasa wana ladha ya kuitetea. Mjini Jinja hilo lilichukua miaka sabini.

Jumapili, nje ya Mbarara

Nilipelekwa kwa askari mstaafu anayepika tonto, pombe ya ndizi. Kiswahili chake ni cha kambini, cha amri na vicheko.

Ndizi za kupikia pombe huivishwa shimoni kwa majani na moto mdogo, kisha humenywa na kukanyagwa kwa miguu ndani ya obwato, mtumbwi wa gogo, pamoja na nyasi ndefu zinazokamua maji matamu yajitenge na makapi. Maji hayo, eshande, watoto hunywa. Akitaka pombe huongeza unga wa mtama uliokaangwa, hufunika kwa majani ya mgomba na kusubiri siku moja au mbili. "Kukanyaga ni kazi ya mwanamume," alisema, kisha akanipa nafasi. Baada ya dakika chache alinitoa.

Shida yake si ushuru. Ni mnyauko. Ugonjwa wa bakteria wa migomba uligunduliwa Uganda 2001, upande wa Mukono, na ukapenda hasa kayinja, ndizi ya pombe, kwa sababu wadudu huubeba kutoka ua hadi ua. Mgomba hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na ndani ni kahawia. Dawa haipo, unakata ua la kiume kwa kijiti cha panda, kisu chako unakichoma motoni, na mgomba uliougua unauondoa. Yeye alipoteza zaidi ya nusu ya shamba, akapanda upya polepole. Majirani waling'oa na kuweka matoke ya kuuza Kampala. Kwa hiyo wapishi wamepungua, na vijana wanaotaka ulevi wa haraka wana waragi, pombe kali. Hata vile vifuko vyake vya plastiki vilipopigwa marufuku 2019, waragi yenyewe ilihamia kwenye chupa ndogo.

Nilimuuliza kama angependa tonto yake iwekwe chupani kama Eagle. Alifikiri. Alisema wataalamu walishakuja na swali hilo. Ikichemshwa ili isipasue chupa, ladha inakufa. Isipochemshwa, inapasua chupa. "Na ikifika dukani watanitaka stempu ya kodi. Afadhali ije ndoo yako."

Alinijazia jerikeni ya lita tano. Kwenye steji kondakta aliinusa, akaitikisa, akakataa: wiki iliyopita kifuniko cha mtu kiliruka ndani ya basi na kumlowesha mchungaji. Tulijadiliana nauli ya jerikeni, tukashindwana, mwisho akasema nitaipakata mwenyewe mapajani, kifuniko kimelegezwa, na hadi Lyantonde yeye atakuwa ameionja.

"Nusu lita," nikamwambia.

"Lita," akasema, na tayari alikuwa ametoa kikombe.